Waini ya rozela nyumbani: lita 10 za kwanza bila kulipua chupa

Kila mtu akionja waini yangu maswali ni yaleyale. Umetumia hamira gani, hii ya mandazi inafaa? Mbona mimi yangu ilinuka mkate? Mbona ilichacha ikawa siki? Halafu kuna lile la kunong'ona pembeni, hivi haiwezi kunipofusha macho? Nimechoka kujibu vipande vipande kwenye simu, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, na wewe nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaenda sokoni, maana kosa kubwa kuliko yote watu wanalifanya mwishoni kabisa wakati wa kufunga chupa, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoumia.

Nimechagua rozela (wengine mnaiita choya) kwa sababu kwa anayeanza ni rahisi. Inauzwa kavu, haiozi, unaipata mwaka mzima, huna haja ya kuponda wala kumenya kitu, na ina uchachu wake wa kutosha. Zabibu za Dodoma ni tamu sana kwa kazi hii lakini zina misimu yake miwili kwa mwaka, na ukiwa mbali na Dodoma bei inakukata maini. Embe na nanasi utafanya baadaye ukishazoea.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya kuweka ndani:

- Rozela kavu gramu 250 (robo kilo)
- Sukari nyeupe kilo 2
- Maji lita 9
- Hamira pakti 1 ya gramu 11, hii hii ya mandazi. Hamira sio baking pauda! Kuna mtu aliniletea kesi ya waini isiyochemka (yaani haitoi povu wala gesi) wiki nzima, kumbe alitia baking pauda.
- Zabibu kavu kama gramu 200, zinaipa waini uzito kidogo mdomoni. Huna, acha.
- Majani ya chai kijiko 1 cha chakula, kwa ajili ya ule ukakasi wa waini

Limau na ndimu acha kwa wanaotengeneza waini ya ndizi. Rozela tayari ni chachu na ukiongeza ndimu hamira inapata shida kufanya kazi.

Vyombo:

- Ndoo 1 ya lita 20 yenye mfuniko, ya plastiki ya chakula. Zile ndoo za rangi zinazouzwa zikiwa zimeoshwa usiziguse, hata ukiisugua mara mia.
- Madumu 2 ya lita 5 yale ya maji ya kunywa, na chupa za lita moja na nusu mbili tatu kwa kitakachobaki
- Mpira wa dripu mpya, duka la dawa wanauza
- Mpira mwingine mnene kidogo wa mita moja na nusu wa kuhamishia
- Kitambaa safi cha kuchujia, mwiko mrefu, jiki

Haidromita (kipimo kinachoelea, kinaonyesha sukari iliyobaki kwenye waini) ukiipata nunua, sio ghali na itakuondolea kubahatisha. Bila hiyo pia utafanya, wengi tunaanza bila.

Sukari na kilevi, kwa ufupi tu

Hamira inakula sukari, inatoa kilevi na gesi. Basi. Kila gramu 17 au 18 za sukari kwenye lita moja zinakupa kama asilimia 1 ya kilevi. Kilo 2 kwenye hizi lita zetu kama 10 ni kama asilimia 10 au 11, na hapo ndipo hamira ya mandazi inapoanza kuchoka. Sasa wewe ukisema unataka kali ukatia kilo 4, haitakuwa kali mara mbili, hamira itakufa njiani na utabaki na sharubati yenye kilevi inayokwama kooni. Ukitaka kali zaidi tafuta hamira ya waini yenyewe, kama EC-1118 ambayo inavumilia mpaka asilimia 18, lakini mara ya kwanza tulia na hii ya mandazi.

Kazi yenyewe

1. Osha kila kitu, halafu osha tena. Sabuni na maji kwanza. Kisha changanya vijiko viwili vya chakula vya jiki kwenye lita 5 za maji, loweka vyombo dakika 20, suuza na maji uliyochemsha yakapoa mpaka harufu ya jiki iishe kabisa. Usichanganye jiki na siki wala dawa nyingine ya choo, inatoa gesi mbaya. Mwiko uliopikia maharage jana usiuingize humu. Nasisitiza hapa kwa sababu waini nyingi "zilizogoma" zinaharibika hatua hii na mtu anakuja kulalamikia hamira wiki tatu baadaye.

2. Chambua rozela. Mara nyingi imeanikwa chini kwenye turubai, kuna mchanga, vijiti, na mara moja moja mdudu. Imwage kwenye sinia, toa takataka, kisha suuza fasta kwenye chujio. Usiloweke, utaona maji yanakuwa mekundu na hiyo ni waini yako inaenda kwenye sinki.

3. Chemsha maji, mwagia rozela ndani ya ndoo. Hapa kuna kosa la kimya kimya. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na rozela ni tindikali kweli kweli, ukiichemshia humo inakula sufuria na ladha ya chuma unaipata. Kwa hiyo chemsha maji matupu kwenye sufuria pamoja na yale majani ya chai, epua, acha dakika tano mvuke upungue ili usilegeze plastiki, ndio uchuje majani na kumwagia maji juu ya rozela ikiwa ndani ya ndoo. Kama una sufuria ya stili au ya enameli, chemshia humo humo dakika 10, raha mustarehe.

4. Tia sukari na zabibu kavu maji yakiwa bado ya moto. Koroga mpaka usisikie chenga zikikwaruza chini. Halafu sasa kitu ambacho wengi hawakijui, ile pakti ya hamira igawe mara mbili. Vijiko viwili vya chai weka pembeni. Inayobaki chemsha kwenye kikombe cha maji dakika kama 10 mpaka ife, imwage kwenye ndoo. Ndio, hamira iliyokufa. Rozela na sukari nyeupe hazina chakula cha kutosha cha kumlisha mdudu huyu, na akishinda njaa anaanza kutoa harufu ya mayai viza. Hamira iliyokufa inaliwa na iliyo hai. Ni unyama lakini inafanya kazi.

Mwenye haidromita apime saa hii baada ya kupoa, utaona kama 1.075.

5. Subiri ipoe. Iguse na nyuma ya mkono, iwe kama maji ya kumuogesha mtoto au baridi zaidi. Chini ya nyuzi 35. Dar ukimwagia mchana unaweza kusubiri mpaka usiku, funika tu na mfuniko. Haraka ya hapa ndio inaua hamira na huwezi kuiona imekufa, utakaa siku tatu unachungulia ndoo iliyotulia kama kisima.

6. Amsha hamira. Kikombe cha maji ya vuguvugu, kijiko kimoja cha sukari, tia zile hamira vijiko viwili, acha dakika 15. Ikitoa povu iko hai, mwaga kwenye ndoo na koroga kwa nguvu dakika mbili nzima ili hewa iingie, hewa mwanzoni anaihitaji. Isipotoa povu tupa, nunua nyingine. Usijidanganye kwamba itaamka humo ndani.

7. Siku 4 mpaka 5 kwenye ndoo. Funika na kitambaa safi ukifunge kwa kamba, mfuniko uuweke juu bila kuubana. Ndani ya saa 12 mpaka 24 utasikia, weka sikio kwenye ndoo, inasema shhhh kama soda iliyofunguliwa chumba cha pili. Rozela yote itapanda juu na kutengeneza kofia nene. Asubuhi na jioni ingiza mwiko safi uishindilie chini, kwa sababu kofia ikikauka hewani inaota ukungu. Zabibu kavu utaziona zimevimba zimekuwa kama zabibu mbichi, zinapanda zinashuka, mimi huwa nasimama naziangalia tu.

Joto lina maneno. Nyuzi 20 mpaka 27 ndio tamu. Dar na Tanga mwezi wa pili weka ndoo sakafuni kwenye simenti, uizungushie khanga iliyolowa maji, au iweke ndani ya beseni la maji. Ikichemka kwenye joto kali inaisha haraka lakini inakuja na ukali wa kuunguza koo. Njombe, Makete, Arusha ya mwezi wa saba ni kinyume chake, izungushie blanketi la sivyo itasinzia.

8. Chuja, hamishia kwenye madumu, funga mpira. Kamua rozela kwa kitambaa, lakini sio kwa hasira, ukikamua sana unatoa uchungu. (Vaa nguo ya zamani. Rozela haina msamaha kwenye shati jeupe.) Jaza dumu, acha vidole vinne tu juu. Toboa kifuniko kwa msumari uliopashwa moto, tundu liwe dogo kuliko mpira, pitisha mpira wa dripu uingie kidogo tu ndani, USIGUSE waini, ziba pembeni kwa nta ya mshumaa. Ncha ya pili izamishe kwenye chupa ndogo yenye maji yenye chumvi. Gesi inatoka buluku buluku, hewa na wale vijinzi wadogo wa ndizi mbivu hawaingii. Hao vijinzi ndio wanaoleta bakteria wa siki, mmoja anatosha kukuharibia.

Kama umekosa mpira, tumia puto jipya kwenye mdomo wa dumu, litoboe kwa sindano mara moja. Linasimama gesi ikitoka, likilala gesi imepungua. Linaonekana la kitoto lakini linafanya kazi.

Usifunge kifuniko kikakaza hata kwa usiku mmoja. Hata kama "imepunguza kuchemka".

9. Wiki 3 mpaka 4, kisha hamisha. Weka dumu kwenye giza. Chini litajenga tope la rangi ya zambarau, ni hamira iliyokufa na mabaki, mashapo tu. Waini ikikaa juu ya mashapo muda mrefu inachukua ladha ya mkate mbichi, na hilo ndilo jibu la wale wa "mbona inanuka mkate". Weka dumu juu ya meza bila kulitikisa, chombo safi chini, vuta na ule mpira mnene kama mafundi wanavyovuta mafuta kwenye tenki, ila usivute kwa mdomo, ujaze mpira maji yaliyochemshwa yakapoa kwanza, ziba ncha kwa kidole, shusha, achia. Acha ncha ya juu iwe juu ya mashapo, na ukubali kupoteza kikombe cha mwisho. Ukikitamani hicho kikombe umerudisha tope lote.

Chombo kipya kijae mpaka shingoni. Kikibaki na nafasi kubwa, hamishia kwenye vyombo vidogo, ndio maana nilikwambia uwe na chupa za lita moja na nusu, nazo zifunge mpira au puto vilevile. Rudisha mpira, acha wiki nne nyingine, hamisha tena. Mwanzoni hewa ilikuwa rafiki, sasa hivi ni adui, kwa hiyo usifungue fungue "kuonja tu". Mimi najua mnaonja.

10. Hakikisha imeisha ndio uweke kwenye chupa. Hapa sasa ndio penyewe.

Lita zangu 10 za kwanza nilizianza mwezi wa kumi na moja mwishoni, Krismasi ikawa inakaribia, nikaona mbona haitoi tena povu jingi, nikaweka kwenye chupa za kioo siku ya 16 nikazibana vizibo nikazipanga kabatini kama duka. Usiku wa pili nimelala nikasikia mlipuko jikoni, nikajua mwizi amevunja dirisha, nikatoka na fimbo. Chupa mbili zilikuwa zimepasuka, kipande cha kioo kimechoma mlango wa kabati kwa ndani, na ukuta una doa la zambarau mpaka leo, nimepaka rangi mara mbili linarudi. Kama ningekuwa nasimama pale mbele ya kabati nadhani ningekuwa naandika kitu kingine. Sukari ilikuwa bado imo, hamira iko hai, gesi haina pa kwenda.

Kwa hiyo, kabla ya chupa hakikisha haya yote matatu. Mpira haujatoa povu hata moja kwa wiki mbili. Ukionja haina utamu wa sukari, ni kavu. Na imetakata, ukiweka tochi ya simu nyuma ya glasi unaona mwanga unapita mwekundu safi kama sharubati ya komamanga. Mwenye haidromita apate namba ileile, 1.000 au chini yake, mara mbili kwa kupishana siku tano. Halafu chupa zako za kwanza ziwe za plastiki za soda, unazibonyeza kila siku kwa wiki mbili, zikiwa ngumu kama mpira wa miguu fungua gesi itoke na urudishe kwenye dumu. Zikibaki laini, hamishia kwenye za kioo.

Kuanzia kuanza mpaka kunywa hesabu miezi mitatu. Miezi sita ni nzuri zaidi. Wanaokwambia siku 7 wanakuuzia togwa iliyokasirika.

Mimi nataka tamu, nifanyeje?

Njia salama kwa anayeanza ni kuiacha kavu na kutia utamu kwenye jagi siku ya kunywa, sukari iliyoyeyushwa au asali, kiasi cha siku hiyo. Ukitia sukari kwenye chupa ukaziba, umerudi kwenye kabati langu. Wenye uzoefu wanatumia potasiamu sobeti pamoja na metabisalfaiti (dawa za kuzuia hamira isianze kazi tena), na wengine wanapasha chupa kwenye maji mpaka waini ndani ifike nyuzi 65 wanaishikilia hapo dakika 20, lakini hiyo ni kwa waini isiyo na gesi kabisa na vifuniko vimelegezwa. Yenye gesi ukiipasha unatengeneza bomu kwa makusudi.

Ikigoma

*Siku mbili haijachemka.* Ama hamira ilikufa kwa joto, ama ilikuwa ya zamani dukani. Amsha nyingine kama hatua ya 6, ikishatoa povu iongezee kikombe cha waini yako kidogo kidogo kwa saa moja izoee uchachu, kisha imwage yote. Kuitupa kavu juu juu haisaidii.

*Ilikuwa inachemka ikasimama, bado tamu.* Baridi au njaa. Ipeleke sehemu ya joto, ikoroge taratibu ili hamira ipande kutoka chini, chemsha hamira nyingine ya kuilisha. Kama ulitia sukari kupita kipimo hapo sina la kukusaidia, inywe kama ilivyo, ila isifungwe kwenye kioo.

*Harufu ya mayai viza.* Njaa tena. Ikiwa ni wiki ya kwanza, ongeza hamira iliyochemshwa na ikoroge ipate hewa. Baada ya hapo ihamishe chombo kwa kuimwaga kwa kelele mara moja tu, harufu nyingi itatoka.

*Utando mweupe juu.* Hewa imeingia. Kama ni mwembamba kama karatasi, hamisha waini kutoka chini ya utando, jaza chombo mpaka shingoni, na uiwahi kuinywa. Ukiwa na manyoya, kijani, bluu au mweusi, mwaga yote bila kuangalia nyuma.

*Haitakati.* Subira, au ilaze kwenye friji siku nne, mashapo yatashuka. Zabibu kavu ukizikamua sana huwa zinachangia wingu.

*Imekuwa ya kahawia.* Jua au hewa. Rangi ya rozela haipendi mwanga, tumia chupa nyeusi au kabati.

*Itanipofusha?* Hofu hii imetoka kwenye gongo. Methanoli inaleta balaa pale mtu anapotonesha pombe (kuichemsha na kukinga mvuke wake) ovyo au anapochanganya kemikali za viwandani ili iwe kali. Hapa hutoneshi kitu, unachachua tu, na methanoli inayotoka kwenye matunda kwa njia hii ni kidogo mno. Usije tu ukapata wazo la kuitonesha ili iwe kali, hilo ni kosa kisheria na ndiko hatari ilipo. Ukitaka kuuza pia sio suala la kupanga chupa barazani, kuna leseni, kuna TBS, kuna stempu za TRA.

*Imekuwa siki.* Harufu inakupiga puani kama ya rangi ya kucha, ukionja unakunja uso. Hairudi, hata utie sukari ya Kilombero yote. Lakini usimwage, funika na kitambaa, iache ichache vizuri mwezi mwingine mbali kabisa na madumu mazima. Mimi lita 5 zangu zilienda hivyo mwaka wa pili, tulikula kachumbari ya rangi ya waridi mpaka watoto wakagoma.